Mwenye Mzigo Ndiye Mwenye Njia

Hotuba hii ilitolewa jioni mjini Bagamoyo, mbele ya waendesha baiskeli waliotoka Dar es Salaam siku hiyo pamoja na wenyeji waliowapokea. Tunaiweka yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu wa Bagamoyo mliotufungulia mji wenu, akina mama mlioshinda jikoni kwa ajili yetu, na ninyi ndugu zangu waendesha baiskeli ambao bado mnanyoosha miguu: asalamu alaikum, Tumsifu Yesu Kristo, na wenye salamu nyingine nawasalimu kwa heshima ile ile.

Nimepewa heshima ya kuzungumza juu ya siku ya leo. Tuliondoka Mwenge saa kumi na moja alfajiri, tukapita Tegeta na Boko maduka yakiwa bado yamefungwa, tukapanda na kushuka Bunju na Mapinga, tukapumzika Kerege chini ya miembe, tukapita Zinga, na jua lilipoanza kuwa kali tulikuwa tumekwisha kuuona mji huu. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 60. Upepo wa kusi ulikuwa mgongoni mwetu karibu njia nzima, na waliowahi kuipita barabara hii wakati wa kaskazi wanajua neema hiyo ina uzito gani. Kila mmoja wetu amepiga picha: minazi, bahari, jahazi lililolala kwenye mchanga maji yakiwa yamekupwa. Mimi nataka kuzungumza juu ya kitu ambacho hakimo katika picha zetu, nacho ni mzigo.

Ndugu zangu, pwani hii ilijengwa na watu waliobeba. Miji yake, misikiti yake, milango yake ya nakshi, maboma yake ya mawe, vyote vilipatikana kwa sababu kulikuwa na watu waliotembea na vitu mabegani na vichwani. Tunapokuja hapa na baiskeli nyepesi, na chupa ya maji na kitambulisho mfukoni, tunapita juu ya kazi ya watu hao. Swali langu jioni hii ni moja: je, tunajua walikuwa nani? Na je, tunajua kwamba hawajaondoka barabarani?

Mahali tulipoketi ndipo ilipokomea njia kubwa ya misafara katika karne ya kumi na tisa. Ilitoka Ujiji, kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika, ikapita Tabora, ikaikata nchi ya Wagogo kwa Kilimatinde, ikafika Mpwapwa na Mamboya, ikavuka Mto Ruvu na kuingia hapa. Ni kilomita zipatazo 1,200. Mwaka 2006 nchi yetu iliiingiza njia hiyo katika orodha ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia, na sasa vipo vituo vinavyotajwa rasmi, kuanzia Bagamoyo hadi Ujiji. Barabara tuliyoipita leo siyo ile. Yetu imefuata bahari; yao iliipa bahari kisogo. Lakini hapa ndipo zinapokutana, na hapa ndipo walipotua mizigo.

Je, siku moja ya msafara ilikuwaje? Naomba mnifuatilie polepole, kwa sababu nadhani mwendesha baiskeli ana njia ya kuielewa siku hiyo ambayo mtu wa gari hana.

Kulipokuwa bado giza, barghumu, yaani pembe ya kupulizwa, ililia, au ngoma. Watu wakaamka, wakauacha moto uzime, na kila mpagazi akaenda kwenye mzigo wake, kwa kuwa mzigo ulikuwa wa mtu yule yule tangu mwanzo wa safari hadi mwisho. Mzigo wa kawaida ulikuwa wa frasila mbili, yaani zaidi kidogo ya kilo 30, na juu ya huo mtu aliongeza vyake: mkeka, sufuria, chakula, silaha. Kwenda bara walibeba marobota ya nguo za merikani na kaniki, shanga, na waya wa shaba. Kurudi pwani walibeba pembe za ndovu. Pembe kubwa ilikuwa mzigo wa mtu mmoja mwenye nguvu, naye aliweza kuifunga kengele ya ng'ombe nchani, kwa hiyo msafara ulisikika vichakani kabla haujaonekana. Mbele alitangulia kirangozi katika vazi jekundu, na manyoya kichwani, akishika bendera, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Nyuma kabisa walikwenda wakuu wa msafara. Walikuwapo na wanawake, ambao historia iliyoandikwa imewapa nafasi ndogo mno. Walitembea njia ile ile, walibeba, walipika, na wengine walizaa njiani.

Kabla ya adhuhuri kambi ilikuwa imekwisha kupigwa. Waliujua mwili wa binadamu. Walijua kwamba hakuna mtu awezaye kubeba kilo 30 juani mchana kutwa na kesho yake akaamka kubeba tena, na kesho kutwa tena, kwa miezi mitatu. Henry Morton Stanley aliondoka hapa Bagamoyo mwezi Machi 1871, akafika Unyanyembe, karibu na Tabora, mwezi Juni, na huyo alikuwa na fedha za kutosha na haraka nyingi. Jina lake limo katika kila kitabu cha shule. Majina ya waliobeba nguo zake, mahema yake na mashua zake yako wapi?

Lazima nilitaje na jambo jingine, kwa sababu tumekaa katika mji huu na hatuna haki ya kulikwepa. Njia hiyo ilipitisha watumwa. Waliletwa hapa wakiwa wamefungwa, wakavushwa kwenda Zanzibar, na hata baada ya soko la Zanzibar kufungwa mwaka 1873 biashara hiyo iliendelea kwa kificho kwenye ufukwe huu. Yeyote anayesimulia habari za misafara kama hadithi tamu ya safari na ngoma anawanyima wale watu haki yao mara ya pili. Lakini pia si kweli kwamba kila mpagazi alikuwa mtumwa. Wanyamwezi walishuka kwa maelfu kwa hiari yao, kwa ujira na posho. Ilikuwa kazi, na walioifanya walikuwa wafanyakazi wenye fahari. Kijana wa Unyamwezi aliyekwenda pwani na kurudi alihesabiwa kuwa mtu mzima. Walijadiliana mshahara kabla ya kuondoka, na walipodhulumiwa waliitua mizigo chini na kwenda zao, wakamwacha tajiri porini na marobota yake.

Sasa nije kwenye kisa ambacho ningependa kila mmoja wetu akijue kwa moyo, kwa sababu kiliishia hapa hapa, kwenye misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, ambayo ilianzishwa mwaka 1868 na ambayo mnara wake tumeuona leo tulipokuwa tukiingia.

Mwanzoni mwa Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo ambacho leo kimo nchini Zambia, David Livingstone alifariki dunia. Watu aliokuwa nao, wakiongozwa na Susi na Chuma, wangeweza kumzika pale pale na kurudi nyumbani. Nani angewalaumu? Walikuwa mbali na pwani kwa zaidi ya kilomita 1,500. Nchi waliyopaswa kuipita ilikuwa na maji mengi, njaa na vita, na watu wa njiani waliogopa maiti. Walikaa shauri, wakaamua kumbeba. Moyo wake waliuzika chini ya mti, na Jacob Wainwright, aliyejua kusoma na kuandika, akachonga maandishi kwenye mti huo. Mwili waliutia chumvi, wakauanika juani kwa muda wa siku zipatazo kumi na nne, wakaufunga kwa kitambaa, kwa gome la mti na kwa turubai, wakautundika kwenye mti wa kubebea, wakaondoka. Katika kundi hilo alikuwamo Halima, mpishi. Naomba jina lake tulitaje pamoja na la Susi na la Chuma.

Walipofika karibu na Tabora walikutana na Waingereza wa msafara wa Verney Lovett Cameron, ambao waliwashauri wamzike hapo. Walikataa. Cameron alikuwa mkubwa wa Kizungu, mwenye silaha na mali, na wao walikuwa wapagazi na watumishi. Walimsikiliza kwa adabu, wakakataa. Mbele zaidi njia ilipotaka kufungwa kwa sababu ya hofu ya maiti, wakaeneza habari kwamba mwili umerudishwa Unyanyembe, na huku wakaufunga upya ukaonekana kama robota la nguo, mzigo kama mizigo mingine. Fikirini akili hiyo, ndugu zangu. Walijua kwamba katika njia ile kitu ambacho hakuna mtu atakayekitazama mara mbili ni mzigo begani mwa mpagazi.

Mwezi Februari 1874 waliingia Bagamoyo. Ilikuwa karibu miezi tisa tangu waondoke Chitambo. Mwili uliwekwa katika kanisa la misheni, ukavushwa Zanzibar, ukapelekwa Uingereza, na tarehe 18 Aprili 1874 ukazikwa Westminster Abbey kwa heshima zote za taifa lile. Na waliobeba? Walilipwa ujira wao wakaambiwa kazi imekwisha. Wainwright alisafiri na jeneza na kuhudhuria mazishi. Susi na Chuma walipofika Uingereza, mazishi yalikuwa yamekwisha kupita. Baadaye London ilitengeneza medali kwa ajili ya wale wabebaji, wakati ambapo wengi wao walikuwa wametawanyika, kila mtu kwao.

Nimekikalia kisa hiki kwa sababu kinanijibu swali la kwanza. Walikuwa nani? Walikuwa watu wenye shauri lao. Walipima, waliamua, walikataa, walibuni hila, na walifika. Mtu akikuambia kwamba wapagazi walikuwa nguvu tupu za kubebea akili za wengine, mlete hapa Bagamoyo umwonyeshe ule mnara.

Kutoka misafara hadi baiskeli kuna kiungo kimoja ambacho hatukizungumzii sana katika mikutano yetu, nacho ni mpira. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alipata hati ya ubunifu wa tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli. Mwaka huo huo pwani yetu iliwaka moto: Abushiri bin Salim kule Pangani na Bwana Heri kule Saadani waliongoza watu kuikataa kampuni ya Wajerumani, na mji huu tulimo ulipigwa na kuharibiwa katika vita hivyo. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Wakati watu wa huku wakizika wafu wao, watu wa Ulaya walikuwa wakigundua raha ya kuendesha baiskeli juu ya upepo badala ya mpira mgumu. Mamilioni walizitaka. Kila baiskeli ilitaka matairi, kila tairi lilitaka mpira, na katika miaka hiyo sehemu kubwa ya mpira ilichumwa msituni na mikono ya watu.

Mnajua msitu gani. Katika Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili watu walipangiwa kiasi cha mpira wa kuleta, na kijiji kilichoshindwa kilichomwa, watu wake wakapigwa, wakauawa, wakakatwa mikono. Hayo yaliandikwa na kupigwa picha, na kelele za dunia zikamlazimisha mfalme huyo kuiachia nchi mwaka 1908. Huku kwetu nako mpira wa porini ulikuwa miongoni mwa mizigo iliyoshuka pwani mabegani mwa wapagazi wakati pembe za ndovu zikipungua. Sisemi haya ili mtu aione baiskeli yake kuwa kitu cha aibu. Naipenda baiskeli, na nitaipanda maadamu magoti yananiruhusu. Nasema haya kwa sababu chombo hiki tunachokiita safi, kisichotoa moshi wala kelele, kilianza maisha yake kikidai mzigo kutoka kwa watu weusi waliokuwa hawakijui. Anayekipanda Afrika anapaswa kulijua hilo, na akilijua hatakuwa mwepesi wa kumdharau mtu anayebeba.

Reli ndiyo iliyowatua wapagazi wa njia hii mizigo yao. Makao makuu ya Wajerumani yalikuwa yamekwisha kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891, kwa kuwa bandari ya hapa ni ya maji madogo na meli kubwa zilitia nanga mbali. Reli ya Kati ikaanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na Bagamoyo ikanyamaza. Lakini angalieni: mwaka ule ule wa 1914 Vita Kuu ilianza, na majeshi ya pande zote mbili yakawachukua upya watu wa nchi hizi kwa mamia ya maelfu wawe wabebaji, na wengi kupita kiasi walikufa kwa njaa na maradhi. Sanamu ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, inawakumbuka katika maandishi yake kuwa miguu na mikono ya jeshi. Ni wangapi kati yetu tumeizunguka sanamu ile na baiskeli bila kusimama kuyasoma?

Nafika sasa kwenye swali la pili, ambalo ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa. Nilisema kwamba hawajaondoka barabarani.

Leo asubuhi pale Kerege mwenzetu mmoja alipata pancha. Tulisimama wote, kama ilivyo desturi yetu, tukamkuta fundi chini ya mwembe akiwa na karai lake la maji. Alikuwa akimshughulikia mteja mwingine, mbeba mkaa aliyekuwa akielekea Dar es Salaam. Mlioiona baiskeli yake mtanishuhudia. Keria ilikuwa imeongezwa vyuma vya kuchomelea hadi ikawa na mabega yake yenyewe. Magunia matatu ya mkaa yalikuwa yamefungwa kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu. Na ile baiskeli ilikuwa imeegemezwa kwenye gongo, kwa sababu stendi yoyote ingevunjika. Mtu huyo, aliyekuwa na kazi ya kumsubiri mnunuzi jijini na jua likimpanda, alituangalia, akamwambia fundi amalize kwanza tyubu ya mgeni. Akakaa pembeni kwenye jiwe. Fundi akaizamisha tyubu majini, akafuata mapovu, akaweka kidole penye tundu, akaifuta, akaisugua kwa msasa, akapaka gundi, akasubiri ikauke kiasi, akabandika kiraka na kukigonga gonga kwa nyundo. Katika kusubiri huko yule bwana akauliza, kwa upole kabisa, bila nia ya kumkera mtu: "Na ninyi ndugu zangu mmebeba nini?"

Hakuna aliyejibu haraka. Mmoja akasema tunafanya mazoezi, mwingine akasema tunatembea kuijua pwani, naye akaitikia kwamba ni vizuri, afya ni jambo la kwanza. Lakini swali lake limenikaa tangu saa ile. Katika njia za mji huu, aliyezifungua alikuwa amebeba, na anayezihitaji zaidi leo amebeba. Anabeba mkaa. Anabeba samaki kutoka soko la hapa ufukweni, ndani ya ndoo zilizofunikwa magunia maji. Anabeba madafu, yamefungwa mafungu mafungu yakining'inia pande zote mbili. Anabeba mikate alfajiri, maziwa asubuhi, vyuma chakavu mchana. Nendeni Tabora na Shinyanga, nyumbani kwa wajukuu wa wapagazi wale wale, mtaona baiskeli zilivyo nyingi kuliko gari, zikibeba maji, mahindi, mgonjwa na mama mjamzito. Najua mkaa una hesabu yake na misitu ya Pwani inalia, na nataka tulizungumze hilo siku nyingine kwa uzito wake. Lakini aliye kwenye pedeli hakuupanga mji uwe na njaa ya mkaa.

Na barabara inamtendeaje mtu huyu? Ninyi mmeona. Kuanzia Bunju kuja huku, lori linapotaka kupita lori, mwenye baiskeli ndiye anayetakiwa kupotea. Sisi wenye baiskeli nyepesi tunaruka nje ya lami na kurudi. Yeye mwenye magunia matatu haruki. Akishuka kwenye lami mahali ambapo ukingo umemomonyoka kiasi cha kiganja, gurudumu la mbele linapinda, mzigo unamvuta, anaanguka, na akianguka anaangukia upande wa magari. Anachagua kati ya kubaki mbele ya honi na kujitupa shimoni, na anachagua hivyo mara nyingi katika safari moja. Halafu jioni tunasema waendesha baiskeli hawafuati sheria.

Wapo wanaosema nchi yetu haijafikia kiwango cha kujenga njia za baiskeli, kwamba hayo ni mambo ya Uholanzi na Denmark. Si kweli. Katika Barabara ya Morogoro, ambako mabasi yaendayo haraka yalianza kazi mwaka 2016, njia za baiskeli zilijengwa kando ya barabara, kwa lami na kwa alama zake. Ziliwezekana. Kama leo mahali pengi zimegeuka kuwa maegesho ya pikipiki na meza za biashara, hilo ni suala la kuzisimamia, na kusimamia hakuhitaji fedha za kutoka nje. Na huku kwetu barabarani Bagamoyo hatuombi hata njia ya pekee. Tunaomba mabega ya barabara yawe na lami, yawe mapana kiasi cha baiskeli yenye mzigo, yawe sawasawa na njia ya magari bila ile ngazi ya ukingoni ya kuvunja rimu. Mtembea kwa miguu atayatumia. Mtoto wa shule atayatumia. Mama mwenye ndoo kichwani atayatumia.

Ndugu zangu, kuna desturi ya misafara ambayo sisi tumeirithi bila kujua. Wakuu walitembea nyuma kwa sababu nyuma ndiko msafara unakovunjikia: mgonjwa yuko nyuma, mzigo ulioangushwa uko nyuma, aliyekata tamaa yuko nyuma. Nasi tunamweka mwenzetu mwenye uzoefu nyuma, anayebeba pampu na viraka, na hatuondoki hadi atoe ishara. Ni utaratibu mzuri. Lakini nyuma yetu, umbali mdogo tu, kuna mtu mwenye magunia matatu ambaye hatujamhesabu kuwa wa msafara huu. Hayumo kwenye orodha yetu, hayumo kwenye mikutano yetu, na tunapoandika barua za kuomba njia za baiskeli tunaandika juu ya afya, mazingira na utalii, mambo mema yote, ila yeye hatumtaji. Yeye ndiye hoja yetu kubwa kuliko zote, na tumeiacha chini ya mwembe Kerege.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, nina maombi mawili kwa kamati, na ningependa yaandikwe katika kumbukumbu za leo.

La kwanza, kesho tutakaporudi Dar es Salaam, tusikimbie. Baada ya kutembelea makumbusho ya Caravanserai asubuhi na magofu ya Kaole, tugawane barabara vipande vipande. Kundi moja lichukue kutoka hapa hadi Zinga, jingine Zinga hadi Mapinga, jingine Mapinga hadi Bunju, jingine Bunju hadi Tegeta. Kila kundi liandike mahali ambapo ukingo wa lami umevunjika, mahali penye daraja lisilo na nafasi ya baiskeli, mahali ambapo maji ya mvua yameondoa udongo. Lipige picha, lipime upana kwa futi ya fundi, liandike jina la kitongoji. Mzee mmoja wa hapa ameniambia yuko tayari kutupa vijana wanaoijua kila kona hadi Kiromo. Karatasi hizo ndizo tutakazozipeleka kwa wenye dhamana ya barabara, kwa madiwani na kwa wabunge wetu. Malalamiko ya jumla ni rahisi kuyaweka kwenye faili; shimo lenye jina na kipimo ni vigumu zaidi kulikwepa.

La pili, mkutano wetu ujao tuwaalike wabeba mkaa, wauza samaki na wauza madafu, tena waje kama wajumbe, wakae mbele na waseme wa kwanza. Usifanyike katikati ya jiji. Ufanyike Bunju, alasiri, wakati wanaporudi na baiskeli tupu, na pale pale awepo fundi wa kuwazibia pancha na kuwakazia spoku bila malipo, gharama zikiwa juu yetu. Naomba kamati ipange tarehe kabla hatujalala leo, maana kesho asubuhi tutakutana nao tena njiani, na nataka tuwe na siku ya kuwatajia.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.